Kitufe cha Bunduki Namba Nne

Usiku ule nilikaa macho nikijiuliza kama ile karakana ilikuwa na joto.

Mchana ukilisikia swali kama hilo utacheka. Lakini nilikuwa nimelala chali chini ya mablanketi mawili na koti juu yake, kijijini kwetu Yakobi, mwezi wa saba, na baba yangu alikuwa lindoni na bunduki niliyoisainia mimi. Nikaanza kukusanya ushahidi. Fundi alikuwa na singlendi tu. Msimamizi alijifuta jasho kwa kofia. Mimi mwenyewe nilivua sweta nikalifunga kiunoni, jambo ambalo Njombe silifanyi tangu mwezi wa tano mpaka wa nane. Basi kulikuwa na joto, tena joto la tanuri. Kile kitufe tulikijaribu mara kumi, na mara zote kumi kilishika, lakini tulikijaribia kwenye joto. Baba alikuwa amekaa nacho kwenye baridi.

Nina shahada ya ununuzi na ugavi. Nilipomaliza chuo nilituma maombi sehemu nyingi mpaka nikaanza kusahau nimeomba wapi, na kazi iliyopatikana ni ukarani wa ghala la silaha katika kampuni ndogo ya ulinzi, yenye ofisi kuu Makambako na tawi Njombe mjini. Baba ndiye aliyeniombea. Alikuwa mlinzi wao tangu mwaka nilioingia chuo, alipoona kwamba viazi pekee havitanifikisha mwisho. Ghala lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kabati la chuma na kitabu kikubwa. Nje ya dirisha kuna pipa la mchanga. Saa kumi na mbili jioni walinzi wanapanga foleni, nawapa bunduki na risasi, wanasaini. Saa kumi na mbili asubuhi wanarudisha. Kila mmoja, kabla hajanikabidhi, anaelekeza mtutu kwenye pipa, anavuta mara mbili kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki chemba, anasukuma kitufe cha usalama, ndipo anaipitisha dirishani kitako kikitangulia.

Bunduki zetu ni sita, zote za ile aina ya kuvuta mbele na nyuma chini ya mtutu kabla ya kupiga. Walinzi wanaziita pampu. Kitufe cha usalama kipo nyuma ya triga, kidogo kama punje ya hindi. Ukikisukuma kwenda kulia, triga haiendi. Ukikirudisha kushoto, utepe mwekundu unajitokeza na bunduki iko tayari kuua. Umbali kati ya hali hizo mbili haufiki nusu ya ukucha. Kwa mtu kama mimi, ninayerudi mara tatu kuangalia kama kufuli limefungwa, sijui kazi mbaya kuliko hii.

Pale dirishani baba aliniita madam. Siku ya kwanza nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hapa mimi ni mlinzi," aliniambia baadaye tukitembea kwenda nyumbani. "Ukinichekea mbele ya wenzangu watasema naishi kwa mgongo wako."

Sasa nieleze habari ya majiko, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Baba analinda ghala la kufungashia parachichi nje kidogo ya mji. Kibanda chake ni cha mbao, upepo unapita kati ya ubao na ubao. Sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, ikianguka, chuma cha bunduki kinang'ata vidole, na unyevu ukiingia kwenye kitufe kinakuwa kizito, unakisukuma kwa nguvu na hakiendi. Walinzi wa zamani walipata dawa yake, wakaiita kuipasha. Unaegemeza bunduki karibu na jiko la mkaa, ubavu wa triga ukiangalia moto, kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Ikitoka hapo kitufe kinateleza vizuri. Kila mlinzi mpya alifundishwa na aliyemkuta. Waliohamishwa kutoka Makambako waliwacheka wenzao siku ya kwanza, siku ya tatu nao walikuwa wanapasha.

Kampuni inakataza jiko kibandani. Karatasi ya katazo imebandikwa ukutani ghalani kwangu, walinzi wote wameisaini, na adhabu iliyoandikwa ni kufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Karatasi ilikuwepo, majiko yalikuwepo, na kila mtu alijua habari ya vyote viwili.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mimi ninayefikiria kila kitu, ni kwamba ile sehemu inayobeba triga na kitufe kwenye bunduki zetu si chuma. Ni plastiki ngumu yenye rangi ya chuma.

Jumatatu asubuhi baba alirudisha namba nne na kitufe kinacheza kama jino la mtoto.

"Imechoka, madam," alisema, akiangalia pipa la mchanga.

Niliigeuza. Upande mmoja plastiki ilikuwa na mng'ao ambao upande wa pili haikuwa nao, kama mshumaa uliokaa juani. Nyuma ya baba kulikuwa na walinzi watatu wanasubiri. Sikuuliza. Niliandika "kitufe cha usalama kibovu", na safu ya chanzo nikaiacha wazi.

Msimamizi wetu anakaa Makambako. Ni mtu wa vichekesho, mnene, aliwahi kuwa askari, na wote tunamwita afande. Nilimpigia simu nikamwambia utaratibu ninaoujua: kuandika barua polisi, kueleza ubovu na chanzo, kisha silaha ipelekwe kwa fundi mwenye leseni.

"Wewe msomi wewe," alisema. "Ukiandika polisi wanakuja kuhesabu zote sita. Wakihesabu wanakagua. Wakikagua wanafunga ghala mpaka wamalize. Na mteja wa parachichi anataka mlinzi mwenye bunduki, hataki mlinzi mwenye barua. Alhamisi nakuja na gari, mpaka hapo mzee wako alinde kwa rungu. Utakuwa shahidi, kitabu kinataka saini mbili."

Ningeweza kukataa Jumatatu ile. Nililifikiria jambo hilo siku tatu, nikaandika kwenye simu sababu za kukataa na sababu za kukubali, na Alhamisi gari lilipopiga honi nilikuwa bado sijamaliza kuandika. Nikapanda.

Fundi alikuwa Lyamkena, palepale Makambako, nyuma ya maduka ya mbao. Hakuwa fundi wa silaha. Alikuwa mzee wa Kipangwa kutoka Ludewa, mkerezaji wa vyuma na mfua majembe, na lazima niseme sijawahi kumwona mtu mwenye mikono mizuri kama ile. Tanuri lilikuwa linawaka kwa ajili ya majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Aliipokea bunduki bila kushangaa, akavuta mara mbili kuangalia chemba kabla ya yeyote kumwambia, akagonga pini mbili kwa msumari uliokatwa kichwa, na kile kisanduku cha triga kikamtokea mkononi kizima kizima.

"Hii imeungua," alisema palepale.

"Imechakaa," alisema afande.

"Haya, imechakaa karibu na moto."

Afande akacheka kwa sauti. Mimi niliangalia chini.

Alipotoa kitufe, springi iliyo chini yake, ndogo kuliko punje ya mtama, iliruka ikapotea. Tulipiga magoti wote watatu kwenye vumbi la chuma. Fundi akaleta sumaku ya spika ya redio, akaipitisha sakafuni, ikaja imejaa nywele za chuma, misumari na springi nne. Alizichambua kwenye kiganja, akachagua moja.

"Una uhakika ndiyo yenyewe, mzee?" niliuliza.

"Binti yangu, hiyo nyingine ni ya kalamu."

Afande alicheka mpaka akakohoa. Kitufe kipya alikikereza kutoka kwenye boliti ya lori, akakipima na kile cha zamani, akakipiga tupa, akakipima tena. "Tangu nazaliwa naambiwa chuma cha Liganga, kwetu Ludewa, kitachimbwa," alisema akiwa ameinamia jiliwa lililobana boliti. "Nimekaa juu yake utoto wangu wote. Na uzee huu nachonga boliti za malori." Kisha tundu lenyewe kwenye plastiki, lililokuwa limepinda, akalinyoosha kidogo kidogo kwa tupa ya mviringo, akipuliza unga wake mweusi.

Aliporudisha kila kitu mahali pake, kitufe kiliingia na mlio mdogo safi. Tulielekeza mtutu kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, bunduki tupu, tukajaribu. Kitufe kulia, vuta triga, hakuna kitu. Nilihesabu kwa sauti mpaka kumi.

"Umeridhika, msomi, au tuite maprofesa?"

Nilisaini juu ya boneti ya gari. Imekaguliwa, inafaa kutumika. Afande akasaini chini yangu. Jioni ile nilimpa baba namba nne na risasi zake tano, naye akasema asante madam, akaondoka na kofia yake ya sufu imefunika masikio.

Ndipo ukaja ule usiku.

Kwanza nilihangaika na springi. Je, kama ile ya kweli ilibaki sakafuni, na hii ilikuwa ya kitasa? Kulipokaribia alfajiri springi ikaniachia, likaja joto. Plastiki inavimba kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, hilo tulisoma sekondari. Kama tundu lilipimwa likiwa limevimba, basi sasa hivi, ghala la parachichi, tundu limesinyaa na chuma cha boliti hakijasinyaa kiasi kile. Kitufe hakifiki mwisho. Kinaonekana kimefika, hakijafika.

Nilikuwa nalijua lango la lile ghala la parachichi. Kabla hakujapambazuka vizuri kina mama wanaochambua parachichi wanafika na kusubiri kufunguliwa, wengi wao wa huku kwetu Yakobi, ninasali nao. Kwa ajili ya baridi wanajibana mlangoni mwa kibanda, wanyooshee mikono jiko la baba. Baba anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bunduki imelala mapajani. Mtutu unaangalia magoti yao.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa tayari ghalani. Majani ya nje yalikuwa meupe. Walinzi walirudi mmoja mmoja, wakisalimia kamwene, kamwene, mvuke ukiwatoka mdomoni, na baba akaja wa mwisho. Alivuta mara mbili mbele ya pipa, akasukuma kitufe, akanipa. Chuma kilikuwa baridi kiasi cha kuuma.

Nilisubiri wapotee wote. Nikatoka nje, nikaangalia chemba kwa macho, nikaingiza na kidole, nikaelekeza mtutu kwenye mchanga. Kitufe kulia. Triga. Hakuna kitu. Nikavuta pampu, nikarudia. Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya sita nilianza kujicheka mwenyewe.

Mara ya saba ikalia ta.

Ni mlio mdogo. Nyundo ya ndani imepiga mahali ambapo risasi ingekuwa. Kitufe kilikuwa kulia, utepe mwekundu hauonekani. Nilisimama pale nimeishika kwa muda ambao siujui. Nikarudia mpaka ishirini, na haikulia tena. Ingekuwa inalia kila mara ningekuwa na amani. Moja katika ishirini ni kidole changu? Ni sweta limenasa? Jua lilipopanda nikajaribu ishirini nyingine, hakuna hata moja. Basi nikalowesha kitambaa kwenye maji ya bomba, ambayo kwetu wakati huo wa mwaka yanachoma kama pilipili, nikakizungushia kwenye kile kisanduku cha triga kwa dakika chache, nikakausha, nikajaribu. Ikalia mara ya tatu. Ikalia tena mara ya kumi na moja.

Kisha nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilizitoa zile tano kabatini, nikazigeuza moja moja dirishani kwenye mwanga. Tatu zilikuwa na ule mng'ao.

Nilimpigia afande.

"Umeilowesha maji bunduki ya kampuni?" aliuliza.

"Kwa kitambaa, afande. Ili ipoe kama usiku."

"Kwa hiyo jana ilikuwa nzima, tukasaini wote wawili, leo umeimwagia maji imeharibika."

"Haijaharibika leo. Ilikuwa—"

"Nakuuliza tu utakavyoulizwa." Sauti yake haikuwa na kichekesho. Kisha kikarudi. "Sikiliza, msomi. Usiifikirie sana, mpaka itakufa hiyo bunduki kwa kufikiriwa. Kuna mmoja wetu huku alijipiga dole gumba la mguu, sasa hivi ananunua viatu jozi mbili, namba saba na namba sita. Yupo, anaishi, anauza vocha. Mpe mzee wako bunduki yake, Jumatatu nitaipeleka tena kwa fundi."

Jumatatu ilikuwa mbali. Katikati kulikuwa na asubuhi tatu za wale kina mama.

Mchana nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa ameamka, amekaa nje ukutani upande wa jua, anamenya viazi. Mama alikuwa shambani. Nilikaa kwenye kigogo mbele yake nikamweleza yote, joto, tundu, mara ya saba, kitambaa. Hakunikatiza. Kiazi kilichokuwa mkononi alikimenya mpaka kikabaki kidogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Afande."

"Amesemaje?"

"Nikupe mpaka Jumatatu."

"Basi. Yeye ndiye mkubwa."

"Baba, nataka kuandika polisi. Wataniuliza chanzo."

Hapo aliinua macho. "Chanzo ni kuchakaa. Kitu kuchakaa si kosa la mtu."

"Nikiandika imechakaa watabadilisha kitufe wairudishe bunduki. Nyingine tatu zimeshaanza. Hakuna atakayeondoa jiko."

"Unaijua baridi ya saa tisa wewe?" Alininyooshea vidole. Viungo vilikuwa vimepasuka, nyufa nyeusi zisizotoka kwa sabuni. "Ukiondoa jiko tutakufa sisi. Hilo utaliandika safu gani?"

Nilizihesabu zile nyufa.

"Mimi siweki risasi chemba," alisema, taratibu zaidi. "Bila risasi chemba, kitufe kiwe kizima, kiwe kibovu, hakuna kitu. Unajihangaisha bure, mama."

Aliniita mama, kama alivyokuwa ananiita nilipokuwa mdogo naogopa ngurumo. Ningependa kuishia hapo.

"Wiki iliyopita ulivuta mbele ya pipa ikaruka risasi," nilisema. "Uliiokota ukaiweka mfukoni. Nilikuwa naangalia."

Kuku walikuja kwenye maganda, hakuwafukuza.

"Usiku ule kulikuwa na watu kwenye ukuta wa ghala," alisema mwishoni. "Wanne au watano. Niliweka risasi chemba. Walipoondoka vidole havikuwa na nguvu ya kuitoa."

"Na kina mama walipokuja asubuhi?"

"Nilikuwa nimesukuma kitufe."

Wote wawili tuliangalia viazi. Kisha akasema bila kuniangalia, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani ambacho anajua hatapewa, "Nimebakiza miaka michache tu. Andika imechakaa."

Nilirudi mjini kwa miguu. Njia nzima nilibishana na nafsi yangu, na nafsi yangu ni hodari sana wa kubishana. Kama nikisema kweli, baba anafukuzwa leo, na mimi nafukuzwa baada yake, maana saini ya uongo ni yangu. Kama nikisema imechakaa, hakuna anayefukuzwa, na labda haitalia kamwe. Labda namba nne ingelia mara ya saba siku ambayo chemba ni tupu. Labda chemba ingekuwa na risasi siku ambayo ingelia mara ya nane. Nilikuwa nimeshazoea kujificha humo kwenye labda. Chuo niliacha kuomba kazi mbili nzuri kwa sababu ya labda. Lakini safari hii kila nilipofika mwisho wa hesabu nilimkuta mtu amesimama pale: mwanamke mwenye kitenge mabegani, amenyoosha mikono kwenye jiko, na mtutu unaangalia magoti yake. Hesabu zote ziliishia kwake. Niligundua nimeacha kubishana, natembea tu.

Niliandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja. Namba za bunduki nne. Kwamba sehemu za plastiki zimeungua kwa kuwekwa karibu na majiko ya mkaa vibandani, kwa mazoea ya walinzi wote. Kwamba namba nne ilitengenezwa na mtu asiye na leseni nikiwa shahidi, na kwamba maneno "inafaa kutumika" niliyaandika mimi na si kweli. Niliandika pia kwamba vibanda havikaliki bila moto, nikakipa kijisentensi hicho nafasi yake peke yake. Saa tisa niliipeleka kituoni. Askari wa kaunta aliisoma mara mbili, akaniangalia, akaisoma tena, akagonga muhuri nakala yangu, akasema watakuja kesho asubuhi na silaha yoyote kati ya hizo nne isitoke.

Saa kumi na mbili foleni ilijipanga. Wawili wa mwanzo niliwapa zao, zilikuwa nzima. Wa tatu nilimwambia yake haitoki, akadhani ni utani. Wa nne akaanza kelele.

"Msomi amefunga duka!"

"Anataka tulinde kwa vyeti vyake!"

"Mzee, hebu zungumza na mwanao, sisi ametukataa."

Baba alisogea dirishani. Alikuwa amevaa koti lake zito, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nadhani alikuwa bado hajaamini.

"Namba nne, madam."

"Namba nne haitoki," nilisema. "Nimeandika polisi. Wanakuja kesho."

"Umeandika nini?"

Utaratibu wa kampuni ni kwamba silaha ikizuiliwa, aliyeibeba mara ya mwisho asomewe sababu na asaini. Nilifungua kitabu, nikamsomea ile safu niliyokuwa nimeiacha wazi tangu Jumatatu. Imeungua kwa kupashwa kwenye jiko. Nililisoma na jina lake, kama lilivyoandikwa, la kwanza, la kati na la ukoo, ambalo ni langu pia. Nyuma yake mtu mmoja alisema "mh".

Nilikigeuza kitabu, nikakisukuma kwake pamoja na kalamu. Na rungu, kwa sababu lindo lilikuwa lake bado.

Aliangalia ile kalamu. Kisha akachukua rungu, akageuka, akapita kati ya wenzake ambao walimpisha njia, akaelekea barabarani akitembea haraka kuliko anavyotembeaga.

Nilisubiri mpaka sikumwona. Nikavuta kitabu, na mbele ya jina la baba yangu nikaandika "amekataa kusaini", nikaweka saini yangu na saa. Nikazifungia nne kabatini, nikafunga ghala, nikachukua funguo zote mbili, wa kabati na wa ghala, na kwenda kuzikabidhi kituo cha polisi.